Puto la picha kilomita 28 juu: namna ya kulirusha na mwanao, na kukipata kisanduku

Nimekulia Mbozi, Tanzania, nilidhani nayajua mahindi. Mahindi ya jimbo la Iowa, Marekani, mwishoni mwa Julai yanamfunika mtu mzima hata akiinua mikono, na shamba moja ukianza kulivuka unaweza kuchoka kabla hujaona upande wa pili. Kisanduku chetu cha kwanza cha kamera, kilichopandishwa angani na puto, kiliangukia humo, kusini mwa mji wa Osceola. Kifaa cha GPS cha kutuonyesha kilipo kililala kifudifudi, kikanyamaza. Mimi na binti yangu, miaka 11 wakati ule, tukasimama kwenye barabara ya changarawe tukiutazama ule ukuta wa kijani. "Baba, tunaingia?" Tukaingia. Tulitoka saa 3 baadaye, masikio yamechanwa na majani, mikono mitupu.

Kilipatikana Oktoba, mkulima alipokuwa anavuna na kuona kitambaa cha rangi ya machungwa mbele ya mashine yake. Namba yetu ilikuwa ubavuni, akapiga simu. Kamera ilishakufa kwa maji ila kadi ilikuwa nzima.

Kwa sababu hiyo mwongozo huu nauanzia mwisho, pale pa kuangukia. Wazazi wanaoniuliza kuhusu mradi huu huanza na kamera: aina gani, bei gani. Nami huwauliza: kitaanguka wapi, na utajuaje?

Kitu chenyewe

Ni puto la mpira, lilelile la watu wa hali ya hewa. Vituo vya hali ya hewa duniani huyarusha kwa kawaida mara 2 kwa siku, saa 00 na saa 12 za UTC (saa ya kimataifa), yakiwa yamebeba kipimo kidogo cha joto, unyevu na mgandamizo wa hewa. Dagoretti pale Nairobi ni kimojawapo cha vituo hivyo. Sisi tunaning'iniza kamera. Puto hupanda kama mita 5 kwa sekunde, na kadiri hewa ya nje inavyopungua ndivyo linavyovimba, mpaka mpira unashindwa, linapasuka, na parachuti inakishusha kisanduku. Halina injini wala usukani. Upepo ndiye dereva.

Ndugu zetu Wakenya watayakumbuka maputo ya Loon, yaliyoanza kutoa intaneti nchini kwao Julai 2020 kabla mradi haujafungwa mwaka uliofuata. Yale yalikaa angani siku nyingi, kwenye kimo cha kilomita 20 hivi. Letu linakwenda juu zaidi lakini maisha yake hayazidi saa 2.

Picha za namna hii zina umri. Novemba 1935 watu wawili walipanda na puto la Explorer II kutoka bonde moja karibu na Rapid City, South Dakota, wakafika zaidi ya mita 22,000 na kurudi na moja ya picha za kwanza zinazoonyesha dunia ikijikunja. Mwaka 2009 wanafunzi wa chuo kikuu cha MIT walirusha kamera ndogo ya kawaida kwa gharama ya kama dola 150. Mwaka 2010 baba mmoja wa Brooklyn na mwanawe mdogo wakarusha ya kwao kutoka Newburgh, New York, ikakaribia kilomita 30. Tangu hapo wazazi hatujatulia.

Sheria kwanza, pesa baadaye

Marekani inayo kanuni yake, Part 101 ya sheria za usafiri wa anga. Kwa kifupi: mzigo wako wote ukiwa chini ya pauni 4 (kilo 1.8), na kamba inayouning'iniza ikikatika kwa mvuto usiozidi pauni 50 (kilo 22 hivi), unaepuka masharti mengi mazito. Huepuki lile kubwa: usihatarishe watu wala mali zao. Sisi tulijiwekea kikomo cha kilo 1 na hatukukivuka. Siku moja kabla ya kurusha napiga simu kwa ofisi inayotoa matangazo kwa marubani, nawapa mahali, saa na njia inayotarajiwa. Kwa puto dogo halilazimu, lakini napenda rubani ajue kuna kitu huko.

Kama uko Tanzania, Kenya, Uganda au popote nyumbani, nenda kwa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako na usirushe mpaka uwe na kibali cha maandishi. Fikiria pia mipaka. Upepo hauombi viza, lakini kisanduku chenye kamera na antena kikiangukia nchi ya jirani, maelezo yatakuwa marefu.

Heliamu tu. Kuna watakaokwambia haidrojeni ni ya bei rahisi na inainua zaidi kidogo. Ni kweli, na inalipuka. Ukiwa na mtoto pembeni, mjadala umekwisha.

Hatua ya 1: Tafuta pa kuangukia

Kuna tovuti za bure za kutabiri njia ya puto. Tunayoitumia ni ya SondeHub, ambayo chimbuko lake ni kazi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Unaipa mahali pa kurushia, saa, mwendo wa kupanda (mita 5 kwa sekunde), kimo cha kupasukia (sisi tuliandika mita 27,500) na mwendo wa kushuka karibu na ardhi (mita 5 tena). Inachukua utabiri wa upepo wa tabaka zote za anga na kukuchorea mstari kwenye ramani. Utabiri wenyewe husasishwa kila baada ya saa 6.

Mpe mtoto kazi hii yote. Usimsaidie kubonyeza. Binti yangu alikuwa na daftari. Kila jioni kwa wiki 3 aliweka alama ya mahali ambapo puto lingeanguka kama tungerusha siku ile, kisha akaziunganisha. Alama zilitawanyika kama kuku waliotupiwa mtama. Siku moja kilomita 40, siku ya pili yake kilomita 190. Ndipo alipoelewa bila mimi kufundisha kwamba kwenye kimo cha kilomita 9 hadi 12 kuna mto wa upepo, na kwamba mto huo huhama.

Tuliandika masharti matatu, tukayabandika kwenye friji. Mahali pa kuangukia pawe ndani ya kilomita 100. Njia isipite juu ya mji mkubwa wala uwanja wa ndege wakati wa kupanda au kushuka. Na shambani kusiwe na mahindi yaliyosimama. La tatu aliliandika yeye, kwa kalamu nyekundu.

Sisi tunakaa Des Moines, lakini tulirushia karibu na Creston, kusini-magharibi, ili upepo wa kawaida wa huku, unaotoka magharibi, uusukume mzigo sambamba na barabara ya US-34 kupitia Osceola kuelekea Chariton. Des Moines yenyewe inabaki mbali kaskazini. Huko kusini kuna malisho mengi, na barabara za changarawe zimekata mashamba karibu kila maili moja, kama karatasi ya hesabu. Popote kitakapoanguka, gari linafika karibu. Wewe tafuta mstari wa namna hiyo kwenu: barabara nzuri inayofuata mkondo wa upepo, na ardhi tupu pembeni.

Na mtoto awe na mamlaka ya kusema hapana. Jumamosi mbili mfululizo gari lilikuwa limeshapakiwa na binti akasema leo haturushi, masharti hayajatimia. La pili liliniuma, maana niliomba ruhusa kazini. Tukashusha vitu.

Hatua ya 2: Njia mbili za kukifuatilia

Moja haitoshi. Ile safari ya mahindi tulikuwa na moja.

Simu ya mkononi isiwe tegemeo lako. Marekani kanuni za mawasiliano zinakataza simu za mtandao wa kawaida kutumika zikiwa angani, na hata bila kanuni, huko juu haishiki mnara, na ikianguka bondeni huenda isishike pia.

Njia ya kwanza ni kifaa kidogo cha setilaiti, vile wanavyobeba wapanda milima. Unalipia kwa mwezi, kinatuma mahali kilipo kila baada ya dakika chache. Kina tabia mbili za kujua. Vingi hunyamaza vikifika juu sana na kuamka vikishuka, kwa hiyo usipatwe na presha katikati ya safari. Na lazima uso wake utazame mbingu. Cha kwanza tulikibandika juu ya kisanduku. Kisanduku kilipopinduka, kifaa kikatazama udongo. Safari ya pili tuliweka vijiti viwili vya mianzi vilivyopishana chini ya kisanduku na uzito wa betri ukakaa chini kabisa, kikitua kinajiegemeza upande unaofaa.

Njia ya pili ni redio. Wapenzi wa redio ya ridhaa wana mfumo unaoitwa APRS, ambao Amerika Kaskazini unatumia masafa ya megahezi 144.39. Kisambazaji chepesi kinatangaza mahali na kimo chake, na vituo vya watu binafsi vinapokea taarifa hiyo na kuiweka kwenye ramani ya intaneti ambayo yeyote anaweza kuitazama. Kinahitaji leseni. Mtihani wa ngazi ya kwanza una maswali 35, unafaulu kwa kupata 26, na hauna kikomo cha umri. Tulisoma pamoja jioni za baridi. Yeye alipata alama nyingi kuliko mimi, jambo ambalo bado linatajwa mezani.

Jihadhari na kitu kimoja unaponunua kipokezi cha GPS: vingi hugoma juu ya kilomita 18, kwa sababu ya masharti ya zamani ya kuzuia visitumike kwenye makombora. Tafuta kinachosema wazi kwamba kinafanya kazi kwenye vimo vikubwa, na ukiwashe katika hali hiyo ya angani. Vingine havijiwashi vyenyewe.

Ongeza kengele ndogo yenye betri yake, ile ya kupiga kelele mtu akivamiwa. Ukiwa mita 50 kutoka kwenye kisanduku ndani ya majani marefu, sikio linashinda setilaiti.

Hatua ya 3: Kisanduku na kamera

Chukua boksi la povu gumu jeupe, lile linalosafirishia samaki au dawa zinazotakiwa kukaa baridi. Ukubwa wa boksi la viatu vya mtoto unatosha. Unene wa ukuta sentimita 2 au 3. Toboa tundu la lenzi kwa kisu chenye makali, lenzi iguse ukingo, pengo lililobaki lizibe kwa sponji. Zungushia selotepu ngumu, rangi inayoonekana kwa mbali. Juu na ubavuni andika kwa wino usiofutika: hakina hatari, ni mradi wa sayansi wa mtoto, na namba ya simu. Tuliongeza ahadi ya zawadi. Yule mkulima aliikataa, akataka picha ya shamba lake kutoka juu.

Adui ni baridi. Kwenye kilomita 11 au 12 juu ya Iowa joto hushuka hadi karibu nyuzi 55 au 60 chini ya sifuri. Betri za kawaida za dukani hufa. Tumia za lithiamu zisizochajiwa, ambazo zimetengenezwa kuvumilia nyuzi 40 chini ya sifuri. Ndani ya boksi hapafiki huko, maana kamera yenyewe inapasha.

Kuna ushauri utausoma kila mahali: weka vile vipakiti vya kupasha mikono. Tuliviweka. Kwenye grafu ya joto la ndani, kutoka kwenye kipimajoto tulichokiweka humo, tuliona vikipasha vizuri mpaka kilomita 6 hivi, halafu vikazimika, na vilipokaribia ardhi vikaamka tena! Binti ndiye aliyepata jibu, kwa kusoma maandishi ya nyuma ya pakiti: ndani mna unga wa chuma unaopata kutu kwa haraka, na kutu inataka oksijeni. Safari ya pili gramu zile tukazitumia kwa betri ya ziada.

Kamera yoyote ndogo ya michezo inafaa. Zima Wi-Fi na skrini, zima ile hali ya kujizima yenyewe ikikaa kimya, weka kadi kubwa, video ya 1080p, na uichomeke pawabenki nyepesi. Kisha jaribu safari nzima ukiwa jikoni: funga kila kitu ndani ya boksi kama siku yenyewe, tia kwenye friza, acha saa 3. Friza ya nyumbani ni nyuzi 18 tu chini ya sifuri lakini itakuonyesha mengi. Mara ya kwanza kamera yetu ilisimama baada ya dakika 71. Kosa halikuwa baridi, waya wa pawabenki ulikuwa umelegea. Ningelijua hilo angani ningelia. Weka pia vipakiti vya kukausha unyevu, vile vya kwenye maboksi ya viatu, ama lenzi itaota ukungu.

Hatua ya 4: Parachuti na kamba

Hapa ni pafupi. Kwa mzigo wa kilo 1, parachuti yenye kipenyo cha mita 1 inashusha kwa takriban mita 5 kwa sekunde, kishindo cha kitu kilichodondoka kutoka kimo cha kifua cha mtu mzima. Mpangilio kutoka juu: puto, mita 5 za kamba, parachuti iliyoning'inizwa kwa kilele chake ili iwe imekunjuka tayari, mita 4 za kamba, kisanduku. Kati ya parachuti na kisanduku weka kizungushi cha chuma wanachotumia wavuvi, kisanduku kisisokote kamba. Video bado itazunguka, usitegemee muujiza. Pima kamba kwa mizani ya ndoano, uone inakatika kwenye kilo ngapi. Halafu ifungie parachuti mfuko wa sukari wa kilo 1, utupe kutoka ghorofani, mtoto akiwa chini na saa ya kuhesabia. Asimame kando.

Hatua ya 5: Gesi, na chupa ya maji

Watu wengi hukosea hapa. Gesi ikipungua, puto linapanda polepole, linapelekwa mbali sana, na huenda lisipasuke. Ikizidi, linapanda mbio na kupasuka mapema. Unahitaji kiasi kamili, na upepo mdogo ukilisukuma puto huku na huku macho hayawezi kukadiria.

Tulitumia puto la gramu 600. Mzigo pamoja na parachuti ni kilo 1. Ili lipande mita 5 kwa sekunde linahitaji nguvu ya ziada ya kama kilo 1 nyingine. Jumla, shingo ya puto inatakiwa kuvuta juu kilo 2. Basi: chukua chupa ya lita 2, ijaze maji, ifunge kwenye bomba la plastiki linaloingia shingoni mwa puto, na uweke vyote kwenye mizani ya jikoni. Mwaga maji kidogo kidogo mpaka chupa, bomba na kamba yake vifike kilo 2 kamili. Sasa jaza gesi. Puto linaponyanyuka, chupa inaanza kuwa nyepesi, inasimama kwa ncha, inacheza. Pale inapoelea, haipandi wala haishuki, funga mtungi. Umepata.

Mtoto ndiye anayelala chini, shavu karibu na nyasi, akitazama mwanga kati ya chupa na ardhi. Binti yangu alinyoosha mkono kuniambia ngoja, ngoja, kisha akapitisha karatasi chini ya chupa. "Imepita, Baba. Funga."

Kwa hesabu hiyo gesi ni kama mita za ujazo 2.5, zaidi kidogo ya futi za ujazo 88. Mitungi midogo ya sherehe haifai, utahitaji kama 6 na mingine huchanganywa hewa. Kodi mtungi mkubwa kwa wauza gesi za kuchomelea vyuma. Ufunge usimame wima, fungua valvu polepole, na mwambie mtoto mapema, kabla hajapata wazo la kubadilisha sauti, kwamba kuvuta gesi moja kwa moja kutoka kwenye mtungi kunaua.

Mpira usiguswe kwa mikono mitupu. Pete, kucha na mafuta ya ngozi huacha alama ambayo huko juu inakuwa tundu. Vaeni glovu za pamba, tandikeni blanketi safi.

Hatua ya 6: Asubuhi ya kurusha

Safari yetu ya pili ilikuwa mwisho wa Oktoba mwaka uliofuata, mashamba yakiwa yamevunwa. Tulifika saa 12 na nusu asubuhi, giza bado, upepo haujaamka. Ukiona majani ya miti yanatikisika bila kukoma, kunywa chai kwanza.

Orodha ya ukaguzi aisome mtoto kwa sauti, wewe ujibu. Kifaa cha setilaiti kimetuma? Kimetuma, kinaonekana kwenye simu. Redio? Ipo kwenye ramani. Kengele imewashwa? Kamera? Taa nyekundu inapepesa. Kisha funika, zungusha selotepu, na usifungue tena hata moyo ukikusumbua. Shingo ya puto ifungwe kwa vibana vya plastiki viwili, ikunjwe, ifungwe tena.

Achia kamba kwa mkono, polepole: puto kwanza, kisha parachuti, kisanduku mwisho. Asiwepo mtu aliyezungushia kamba kiganjani. Kisanduku akishike mtoto. Saa 2 na dakika 10 binti yangu alikiachia. Kilimpita usoni bila sauti. Dakika 2 baadaye lilikuwa tone jeupe.

Hatua ya 7: Kufukuza

Usilifukuze puto, nenda lilikokusudiwa kuanguka ukalisubiri. Dereva aendeshe, mtoto ndiye mwongoza njia, simu na ramani mkononi mwake. Saa 3 na dakika 42 kimo kilikuwa mita 27,900, na ujumbe uliofuata ukasema 24,600. Limepasuka. Huko juu hewa ni nyembamba mno, parachuti haina cha kushika, hivyo mwanzo kisanduku hushuka zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Kadiri hewa inavyoongezeka ndivyo kinavyotulia. Saa 4 na dakika 20 kikawa chini, kilomita 6 kutoka alama ya utabiri wa alfajiri.

Palikuwa malisho ya ng'ombe, na uzio. Usivuke uzio wa mtu. Tulivaa vizibao vya rangi ya machungwa, tukaegesha barabarani ambapo gari linaonekana, tukaenda hadi nyumbani kwake na kubisha hodi, mimi nimesimama hatua mbili nyuma ya ngazi na mtoto pembeni yangu. Nchi hii ina bunduki nyingi, na mtu mweusi anayezunguka malishoni akitafuta kitu chenye antena anahitaji kujieleza mapema. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alisikiliza, akacheka, akatuvalisha viatu vya mvua na kuja nasi. Kengele tuliisikia kabla hatujakiona. Ng'ombe 4 walikuwa wamekizunguka wakikiangalia.

Okota na vipande vyote vya mpira. Ng'ombe hula chochote.

Hatua ya 8: Picha, rula na grafu

Zima kamera, toa kadi, inakili mara mbili kabla ya kutazama hata sekunde moja. Najua ni vigumu.

Kisha mpe mtoto rula. Kamera nyingi za michezo zina lenzi pana inayopinda kila kitu, na dunia inayojikunja kama tikiti kwenye picha hizo mara nyingi ni uongo wa kioo. Mwambie atafute fremu ambayo upeo unapita katikati kabisa ya picha, maana hapo lenzi haipindi, aweke rula. Atakuta mkunjo mdogo, wa kweli, wa milimita chache. Upeo ule uko umbali wa karibu kilomita 600. Ni sawa na kuning'inia juu ya Dodoma ukaiona Bahari ya Hindi upande mmoja na Ziwa Victoria upande wa pili.

Mbele ya lenzi, pembeni, tulikuwa tumefunga pulizo la sherehe lenye hewa kiasi cha ndimu. Binti alikuwa amepiga hesabu: huko juu hewa imebaki sehemu 1 kati ya 60, basi kipenyo kitaongezeka kama mara 4. Kwenye video liliishia kama balungi dogo. Alikasirika, halafu akakumbuka baridi: hewa ikipoa husinyaa, na mpira ukiganda hukakamaa.

Ila kilichomshika zaidi ni grafu ya joto la nje. Mstari unashuka, unashuka, ukifika kilomita 11 na nusu unaacha kushuka, na kuanzia kilomita 20 hivi unaanza kupanda. Nilimweleza kuhusu ozoni inayonyonya mionzi ya jua, na kuhusu Mfaransa Léon Teisserenc de Bort, aliyeuona mkunjo huohuo kwa maputo yake na kuutangaza mwaka 1902, akihesabiwa hadi leo kati ya waliogundua stratosfia, yaani tabaka hilo la anga ambapo joto huacha kushuka. Naye mwanzoni alidhani vipimajoto vyake vinachomwa na jua, akarusha tena na tena, mengine usiku, apate uhakika.

Binti yangu alisikiliza, akaitazama grafu yake, akasema kipimajoto chetu pia kilikuwa juani. Anataka turushe kabla jua halijachomoza. Bei ya heliamu nimeshaulizia.